Kompyuta ikigoma nyumbani: jinsi ya kulisaka tatizo la programu hadi ulifikie

Kompyuta ikianza kusumbua, wengi hufanya kila kitu kwa mpigo. Wanafuta programu tatu, wanasakinisha antivirasi nyingine, wanabadilisha mipangilio waliyoiona kwenye video, kisha wanawasha upya. Ikitengemaa, hawajui kilichoitengeneza. Ikiharibika zaidi, hawajui walichokiharibu. Mwongozo huu unakwenda kinyume na hapo: unagusa jambo moja, unaangalia matokeo, ndipo unagusa la pili. Kazi yenyewe ni kupunguza washukiwa mpaka abaki mmoja.

Nimefuata Windows 11. Majina ya vitufe na menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, ili usihangaike kuyatafuta. Kwenye Windows 10 mengi yako vilevile, ila usaidizi wa kawaida wa toleo hilo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usilikalie kwa muda mrefu. Mwenye Mac au Linux atafuata mantiki ileile. Vitufe ndivyo vinavyobadilika.

Hatua ya 1: Andika kabla hujagusa

Chukua simu upige picha ujumbe wa hitilafu kama ulivyo, hasa ile mistari ya namba na herufi inayoonekana haina maana. Ukimwambia mtu "imeniletea eror fulani hivi", hata fundi mzuri hana pa kuanzia. Lakini msimbo 0x80070070 unasema jambo moja tu: nafasi kwenye diski imekwisha. Msimbo 0x80070005 unasema programu imenyimwa ruhusa. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, na yote mawili watu huyaita "update imegoma".

Kisha jiulize: lilianza lini, na siku hiyo au jana yake kilibadilika nini? Jibu la kwanza huwa "hakuna". Usilikubali haraka. Windows hujisasisha yenyewe, kivinjari hujisasisha bila kubisha hodi, na mtu mwingine wa nyumbani huenda amesakinisha mchezo. Fungua Settings, ingia Windows Update, kisha Update history, usome tarehe. Halafu nenda Apps, Installed apps, uzipange programu kwa tarehe ya kusakinishwa. Mara nyingi mshukiwa wa kwanza anakaa juu kabisa ya orodha hiyo.

Swali la mwisho ni kama unaweza kulirudisha tatizo kwa makusudi. Tatizo linalotokea kila unapobofya Print ni rahisi kulisaka kuliko linalotokea mara moja kwa wiki bila taarifa. Tafuta njia ya kuliita.

Na kama kompyuta bado inawaka, nakili faili muhimu kwenye diski ya nje sasa hivi. Baadhi ya hatua zilizo mbele hugusa mfumo wenyewe.

Hatua ya 2: Washa upya, kwa Restart

Ushauri huu umechosha masikio, lakini una undani ambao wengi hawaujui. Tangu Windows 8, kuna kipengele kiitwacho Fast startup, na kwenye kompyuta nyingi huwa kimewashwa. Ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) kinahifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa kama kilivyokuwa utakapowasha tena. Draiva iliyokuwa imevurugika jana inaamka leo ikiwa bado imevurugika. Restart haifanyi hivyo. Huanza upya kabisa.

Unaweza kuliona mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda Performance, chagua CPU, usome Up time chini. Mtu anayezima kompyuta kila usiku atashangaa kukuta inaonyesha wiki mbili. Ukitaka kuzima kikamilifu bila kuwasha tena, shikilia Shift huku ukibofya Shut down.

Kama ni upau wa chini tu ulioganda, huna haja ya kuwasha upya. Ndani ya Task Manager tafuta Windows Explorer, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Restart. Na skrini ikiwa nyeusi ghafla huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi, jaribu kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya michoro, na kazi uliyokuwa umefungua haipotei.

Hatua ya 3: Jua ukubwa wa tatizo

Hapa ndipo muda mwingi huokolewa, na ndiyo hatua watu wanayoiruka. Kabla ya kutafuta dawa, jua kama ugonjwa uko kwenye faili moja, programu moja, akaunti moja, au mfumo mzima.

Tuseme programu ya kuandikia inajifunga kila unapofungua ripoti yako. Fungua waraka mwingine. Ukifunguka vizuri, programu haina kosa. Ripoti yenyewe ndiyo iliyoharibika, na kuisakinisha programu upya mara kumi hakutasaidia. Kama kila waraka unaifunga, fungua programu nyingine. Hiyo ikifanya kazi, umebaki na programu moja ya kushughulikia. Nenda Installed apps, bofya nukta tatu mbele ya jina lake, na kama kuna Advanced options au Modify, tumia Repair kwanza. Usikimbilie Reset, kwa sababu hiyo hufuta data na mipangilio ya programu hiyo.

Jaribio ambalo wachache hulikumbuka ni la akaunti mpya. Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji kupitia Settings, Accounts, Other users, ingia humo, ujaribu jambo lilelile. Likifanya kazi, Windows ni nzima na programu ni nzima. Kilichoharibika ni mipangilio iliyo ndani ya akaunti yako ya zamani. Umeondoa nusu ya washukiwa kwa dakika tano.

Kwa kivinjari, jaribio linalolingana na hilo ni dirisha la faragha. Viongezo (extensions, programu ndogo zinazochomekwa kwenye kivinjari) kwa kawaida havifanyi kazi humo, na vidakuzi vya zamani (cookies, kumbukumbu ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) havitumiki. Tovuti ikifunguka humo na kukataa kwenye dirisha la kawaida, zima viongezo kimoja kimoja, na ukivimaliza vyote bila mafanikio, futa vidakuzi vya tovuti hiyo pekee. Na kama kila tovuti inalalamika kuhusu usalama wa muunganisho, angalia saa na tarehe ya kompyuta kabla ya yote. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tuko miaka mitano nyuma itavikataa vyote. Tarehe ikirudi nyuma kila unapochomoa umeme, betri ndogo kwenye bodi mama imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032.

Hatua ya 4: Kompyuta nzito

Uzito si tatizo moja. Rudi Task Manager, kichupo cha Processes, ubofye vichwa vya CPU, Memory na Disk kimoja baada ya kingine ili anayetumia zaidi apande juu.

Memory ikiwa asilimia 90 na zaidi hata kabla hujafungua kitu, una programu nyingi mno zinazojiwasha zenyewe. Nenda Startup apps uzime usizozihitaji. Kuzima huko hakufuti programu, kunaizuia tu isijiwashe. Disk ikikaa asilimia 100 kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka, subiri kidogo kabla ya kuhukumu: baada ya masasisho makubwa Windows hupanga upya faharasa ya faili na antivirasi hukagua kila kitu, na diski ya aina hiyo huelemewa. Ikiendelea hivyo siku nzima, ndipo useme kuna jambo.

Angalia pia nafasi iliyobaki kwenye diski C. Windows hutumia sehemu ya diski kama nyongeza ya memori, na masasisho huhitaji pa kufungulia faili zake. Diski iliyojaa pomoni huzaa hitilafu zinazofanana na virusi. Settings, System, Storage itakuonyesha nini kimekula nafasi.

Programu za kusafisha rejista (registry, hazina ya mipangilio ya Windows na programu zake) na "kuongeza kasi" sizipendekezi kwa mtu yeyote. Rejista yenye mabaki machache haipunguzi kasi unayoweza kuihisi, lakini rejista iliyofutwa kimakosa inaweza kuizuia kompyuta isiwake.

Hatua ya 5: Soma kumbukumbu ambazo Windows imekuandikia

Hiki ndicho chombo ninachokithamini kuliko vyote, na kimefichwa kana kwamba hakitakiwi kuonekana. Bonyeza Windows na R, andika *perfmon /rel*, bonyeza Enter. Inafunguka Reliability Monitor: grafu ya siku hadi siku yenye alama kati ya 1 na 10, na chini yake duara jekundu kila siku ambapo kitu kilianguka, pembetatu ya njano kwa onyo, na alama ya bluu kwa taarifa kama programu kusakinishwa au kusasishwa.

Usianze na maduara mekundu. Anza na siku ambayo mstari ulianza kuporomoka, ubofye siku hiyo, usome taarifa za bluu. Ukikuta draiva ya michoro ilisasishwa Jumanne, na mekundu yakaanza Jumatano na hayakukoma, umempata wa kuhojiwa.

Kisha fungua mojawapo ya matukio mekundu kwa View technical details. Mstari wa Application Name unakupa jina la programu iliyoanguka. Mstari wa Fault Module Name ni muhimu zaidi: hilo ni jina la kipande cha programu kilichokuwa kikifanya kazi wakati wa kuanguka. Kivinjari kinaweza kuanguka kwa sababu ya faili ya antivirasi iliyojipenyeza ndani yake, na jina la faili hiyo utalikuta hapo. Tahadhari moja: ukiona ntdll.dll, usiilaumu. Ni faili ya Windows ambayo karibu kila programu hupita humo, kwa hiyo hutajwa hata pale kosa lilipoanzia kwingine. Na msimbo c0000005, unaojitokeza mara nyingi sana, maana yake programu ilijaribu kugusa sehemu ya memori isiyo na ruhusa nayo. Ukiuona kwenye programu moja, ishuku programu hiyo. Ukiuona kwenye programu tano zisizohusiana, anza kuishuku memori yenyewe au draiva.

Hatua ya 6: Kata kwa nusu

Kuna matatizo yasiyoacha jina. Mfano wa kawaida ni huu: ukibofya kitufe cha kulia juu ya faili yoyote, menyu inakaa sekunde ishirini ndipo itokee. Hakuna ujumbe wala kuanguka. Karibu kila mara ni programu fulani iliyojiongezea kipengele kwenye menyu hiyo, au huduma inayofanya kazi chinichini.

Andika *msconfig* kwenye dirisha la Windows na R. Nenda kichupo cha Services, na kabla ya lolote weka alama kwenye Hide all Microsoft services. Bila alama hiyo utazima huduma ambazo Windows yenyewe inazihitaji. Zilizobaki, piga picha orodha, kisha bofya Disable all. Nenda Startup apps kwenye Task Manager uzime zote pia, baada ya kuandika zipi zilikuwa zimewashwa. Kichupo cha Boot kiache kama kilivyo. Washa upya.

Kama tatizo bado lipo, mshukiwa si miongoni mwa hizo. Rudisha zote na uende hatua inayofuata. Kama limetoweka, rudisha nusu ya orodha na uwashe upya. Likirudi, liko kwenye nusu hiyo. Lisiporudi, liko kwenye nusu nyingine. Igawe nusu yenye tatizo tena. Orodha ya vitu 16 inahitaji duru nne tu kufikia kimoja, na ya vitu 32 inahitaji tano. Anayewasha kimoja kimoja anaweza kumaliza jioni nzima kwa kazi ya nusu saa.

Wakati mwingine duru hizi hukataa kutoa jibu, kila nusu ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri. Hapo kuna programu mbili zinazogombana, na mara nyingi sana ni antivirasi mbili zilizosakinishwa pamoja. Ondoa moja.

Hatua ya 7: Safe Mode

Windows inapokataa kufika kwenye skrini ya mwanzo, au inapoanguka kila baada ya dakika chache, ingia kwa njia inayobeba draiva za lazima tu. Kutoka skrini ya kuingilia, bofya alama ya kuzima, shikilia Shift, bofya Restart. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4, au 5 ukihitaji intaneti. Kompyuta isiyofika hata hapo, ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujipeleka yenyewe kwenye menyu hiyo.

Kabla hujaanza, hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, kipengele cha Windows kinachoisimba diski, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 zimefungwa diski zake kwa usimbaji tangu siku ya kwanza mtu alipoingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi bila mwenyewe kujua. Ukiingia njia hii unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48. Huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo ya Microsoft. Ingia kwa simu, uuandike kwenye karatasi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 duniani. Tiba yake kwa mkono ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja, lakini kwenye mashine zilizosimbwa hakuna aliyefika kwenye faili hiyo kabla ya kuandika ufunguo.

Ndani ya Safe Mode, kama kila kitu kiko shwari, draiva au programu ya ziada ndiyo yenye kosa. Fungua Device Manager, chagua kifaa unachokishuku, Properties, kichupo cha Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Njia nyingine ni System Restore, kwa kuandika *rstrui*: hurudisha mfumo kwenye tarehe ya nyuma bila kugusa nyaraka na picha zako, ila programu zilizosakinishwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka. Kama lilianza na sasisho la Windows, Update history ina sehemu ya Uninstall updates.

Hatua ya 8: Faili za mfumo

Andika *cmd* (dirisha la kuandikia amri) kwenye sehemu ya kutafutia, bofya Run as administrator, kisha tekeleza amri hizi mbili kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Mpangilio una sababu. Amri ya pili hubadilisha faili mbovu za mfumo kwa kutumia hazina iliyomo ndani ya kompyuta. Ya kwanza huikarabati hazina hiyo kutoka Windows Update, kwa hiyo inahitaji intaneti. Ukianza na ya pili huku hazina ikiwa imeharibika, itakuambia imeshindwa kutengeneza baadhi ya faili. Asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa dakika nyingi. Usifunge dirisha.

Intaneti, kwa ufupi

Kwanza angalia kama simu inapata intaneti kwenye Wi-Fi ileile. Kama haipati, tatizo si la kompyuta. Zima ruta na uiwashe. Kama inapata, andika *ping 8.8.8.8* kwenye cmd. Majibu yakirudi huku tovuti zikikataa kufunguka, njia ipo ila majina ya tovuti hayatafsiriki. Tekeleza *ipconfig /flushdns*, na uzime VPN kama unayo.

Onyo linalopiga kelele

Dirisha likijaa skrini nzima, likilia, likidai kompyuta imeambukizwa na kukupa namba ya kupiga, huo ni utapeli. Jumbe za hitilafu za Microsoft hazina namba ya simu. Bonyeza Alt na F4, au ukimalize kivinjari kupitia Task Manager, na ukikifungua tena usikubali kirudishe kurasa za awali. Ukiwa na shaka ya kweli juu ya virusi, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ukaguzi wa offline wa Microsoft Defender. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15, wakati ambao virusi vingi havina pa kujificha.

Huenda si programu

Skrini ya bluu yenye msimbo tofauti kila mara, faili zinazoharibika bila mpangilio, kuanguka hata ndani ya Safe Mode: hizo ni dalili za kifaa. Andika *mdsched* ili memori ipimwe wakati wa kuwasha upya. Kwa diski, tekeleza *chkdsk C: /scan* kwenye cmd uliyoifungua kwa Run as administrator. Diski inayotoa sauti ya kugonga isipimwe kwa chochote. Nakili unachoweza na uiache.

Kuanza upya

Ikishindikana yote, kuna Settings, System, Recovery, Reset this PC. Chagua Keep my files. Nyaraka zako zitabaki, programu ulizosakinisha zitaondoka, na Windows itaacha orodha ya ilizoziondoa kwenye desktop. Kabla ya kubofya, andika leseni za programu ulizonunua, hakikisha unajua neno la siri la barua pepe yako, hamisha alamisho za kivinjari, na uchomeke chaja. Ukiulizwa kati ya Cloud download na Local reinstall, na intaneti yako ikiwa na gigabaiti kadhaa za kutumia, chagua ya kwanza, kwa sababu ya pili hujenga Windows mpya kutokana na faili zilezile zilizokuwa zikikusumbua.